Mkono wa Kulia Umekufa Ganzi? Soma Hapa Kabla Hujabana Resi

Mnapenda safari ndefu za pikipiki, wawili wawili? Vifaa vya kushikilia resi vinapumzisha mkono wa dereva. Lakini kabla hajanunua, anayekaa nyuma ana swali moja la kuuliza.

Kuna mambo mawili ambayo mwanamke anayekaa nyuma ya pikipiki huyajua kabla dereva hajayasema. La kwanza ni njaa. La pili ni mkono wa kulia.

Mume wangu huanza taratibu. Kwanza anakunja na kukunjua vidole. Baadaye kiwiko kinatoka nje, kama bawa la kuku anayetaka kuruka. Tukikaribia Kintinku anauachia mshikio kabisa, anaukung'uta mkono hewani, pikipiki inapungua mwendo ghafla na helmeti yangu inagonga ya kwake, ko! Hapo najua ganzi imeshapanda mpaka kwenye kiwiko.

Sisi ni ndoa ya kilomita 450. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli kweli, yeye alihama na wizara yake, mimi nikabaki na kazi yangu Dar. Wanandoa wengi mnaijua hiyo shughuli: Ijumaa mmoja yuko barabarani, Jumapili jioni mmoja anaaga. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatubeba kwa saa tatu na ushee mpaka nne, hivyo pikipiki siyo lazima tena. Imebaki kuwa starehe. Na starehe za kule kati usipime: Mtera kula samaki, Kolo kutazama michoro ya kale ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, Singida kutafuta kuku wa kienyeji na kukaa kandokando ya Ziwa Singidani jioni. Lami imenyooka, mibuyu imesimama kama wazee wa kikao, na mwenzi wako umemkumbatia kiunoni. Nani hataki?

Tatizo ni huo mkono.

Mkono unapambana na springi

Mshikio wa kulia ndio unaoongeza moto. Ukiusokota kuja kwako, waya unafungua kilango kinachoingiza hewa kwenye injini, na mafuta yanafuata. Kilango hicho kina springi inayotaka kukifunga muda wote. Imewekwa makusudi: ukianguka, ukizimia, ukiachia, injini inashuka yenyewe. Maana yake ni kwamba kwa kila dakika unayokwenda, kiganja chako kinashindana na springi. Ongeza mtetemo wa injini, ongeza upepo wa Dodoma unaokufanya ukamate usukani kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, halafu kumbuka kwamba mshipa mkubwa wa fahamu unaohudumia dole gumba na vidole vya jirani unapita kwenye njia nyembamba hapo kwenye kifundo. Ukikunja kifundo kwa saa mbili mfululizo, mshipa unabanwa. Ganzi hiyo.

Kwa hiyo nianze na ushauri ambao wauza vifaa hawaupendi. Kabla ya kutoa hata senti, fanya mambo ya bure. Kaa kwenye pikipiki, nyoosha mikono, uone kama kifundo kimenyooka na mgongo wa mkono au kimevunjika kwenda juu. Kama kimevunjika, legeza mkono wa breki na usukani wenyewe, uzungushe kidogo mpaka kifundo kilale sawa. Waya wa resi kama umekauka au umejikunja, usafishwe na kutiwa kilainishi au ubadilishwe. Mtu anaweza kulaumu mifupa yake mwaka mzima kumbe ni waya wa kubadilisha kwa nusu saa. Vaa glavu zinazokutosha. Na jifunze kushika kama umeshika ndege: asiruke, asife. Mume wangu alifanya hayo na ganzi ikapungua nusu. Iliyobaki ndiyo iliyotupeleka kwenye vifaa.

Siku ya mpira wa tyubu

Kabla ya vifaa, kulikuwa na ujanja. Kila mwenye pikipiki ana ujanja wake, na wa kwetu ulikuwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Bwana mkubwa alikikata, akakipenyeza kati ya mshikio na kile kiboksi cha swichi, kikabana. Ukisokota, resi inabaki hapohapo. Ukiachia mkono, haishuki. Bure, na kilifanya kazi bomba kwa kilomita themanini hivi.

Ilikuwa Agosti, tunarudi Dar. Tumeipita Kibaigwa tunaelekea Pandambili, upepo unatupiga usoni, yeye ana raha, mkono wa kulia ameuweka pajani. Mbuzi wanne wakakatiza, na nyuma yao mtoto mwenye fimbo. Alifanya ambacho mwili wa kila dereva hufanya: akadaka breki kwa vidole vyote. Lakini resi hakuirudisha. Akili yake ilikuwa imeshazoea miaka yote kwamba resi inajirudi yenyewe. Breki zinavuta nyuma, injini inasukuma mbele, na mimi nimekaa katikati ya huo ugomvi. Kilichotuokoa ni klachi. Aliikamata, injini ikapiga kelele kama kichaa, tukasimama hatua chache kutoka kwa yule mtoto, ambaye alitutazama tu, akaswaga mbuzi wake na kwenda zake.

Hatukusemeshana mpaka Gairo. Pale kuna baridi yake, tukaagiza chai. Nikamwambia, "Mume wangu, hicho kidude kinatoka leo, au mimi napanda basi." Hakubisha. Aliomba kisu kwa mama wa chai.

Nilichojifunza siku ile ndicho nitakachokusisitizia hapa. Watu wakinunua vifaa hivi huuliza: kinashika vizuri? Swali hilo ni la pili. La kwanza ni: kinaachia vipi, na kwa haraka gani? Dereva anafikiria zile saa mbili za raha. Anayekaa nyuma inabidi afikirie ile sekunde moja ya mbuzi.

Yote yalianza na mtu anayependa kuongea

Kidogo tucheke. Aliyebuni kifaa cha kushikilia mwendo kwenye magari ni Mmarekani Ralph Teetor, mhandisi aliyepofuka akiwa na miaka mitano. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipanda gari la mwanasheria wake, na yule bwana alikuwa na tabia moja: akiongea, gari linapungua, akisikiliza, gari linaongeza. Teetor, ambaye hakuona barabara lakini alihisi kila mtikisiko, akachoka. Alipata hataza mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikakiweka kwenye magari yake ya mwaka 1958. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kifaa hiki kilibuniwa na abiria kwa faida ya abiria. Mwambie mwenzi wako hivyo akikuambia hayo ni mambo ya madereva.

Usidanganywe na jina

Madukani na mtandaoni vitu vyote hivi huitwa kwa jina moja, kana kwamba vinafanya kazi moja. Havifanyi.

Kipo kibao cha kiganja. Ni kipande cha plastiki kinachovaa mshikio na kutokeza chini ya kiganja, unasukuma kwa uzito wa mkono badala ya kukamata kwa vidole. Kinachojulikana zaidi kinaitwa Cramp Buster, na bei yake ni dola kumi na kitu. Hakibani chochote. Ukiinua mkono, resi inarudi kama kawaida. Ubaya wake ni mmoja: ukikiweka vibaya, unaweza kukikanyaga kwa kiganja wakati unashika breki na ukaongeza moto bila kutaka. Kiweke chini kidogo kuliko unavyodhani, ukijaribu pikipiki ikiwa imezimwa. Kwa wenye pikipiki ndogo za cc 125 au 150 wanaokwenda mara mojamoja Kondoa au Mpwapwa, naona hiki kinatosha. Na usione aibu, kitu cha bei ndogo siyo lazima kiwe kimeo.

Vipo vibanio. Hivi hukamata mshikio wenyewe kwa msuguano ili springi isiushinde. Kuna vya plastiki vinavyoegemea kwenye mkono wa breki. Ni rahisi, lakini mimi sipendi kitu chochote kinachogusana na breki ya mbele. Kuna vinavyokaa kwenye ncha ya usukani, kama Kaoko kutoka Afrika Kusini: ni nati unayoikaza kwa vidole viwili vya mwisho mpaka mshikio uwe mzito. Na kuna Atlas, chuma chembamba kinachokaa kati ya mshikio na kiboksi cha swichi, kikiwa na vitufe viwili vya dole gumba, kimoja cha kubana na kingine cha kuachia. Walioanzisha hicho ni mke na mume, waliokuwa wakizunguka dunia kwenye pikipiki moja, na nadhani inaonekana. Hivi viwili vya mwisho vinakwenda dola mia na kitu, kabla ya usafiri na ushuru.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kibanio hakishiki mwendo. Kinashika mkao wa resi. Ukibana kwenye tambarare ukiwa kilomita 90 kwa saa, mlima ukija mwendo unashuka, mteremko ukija mwendo unapanda, upepo wa mbele ukija unashuka tena. Na jambo kubwa zaidi: ukishika breki, chenyewe hakijui. Breki haikiambii kitu. Kitaachia pale tu utakapobonyeza kitufe au utakaposokota mshikio kwenda mbele kwa nguvu za mkono wako.

Kushikilia mwendo kwa kweli ni mambo ya kompyuta. Pikipiki nyingi kubwa za kisasa hazina waya wa resi; mshikio unatuma taarifa kwa umeme na kompyuta ndiyo inayofungua kilango. Kwa kuwa inasoma mwendo, inaongeza mlimani na kupunguza mteremkoni. Gusa breki, kamata klachi au sokota resi kwenda mbele, inajizima. Honda Africa Twin, kwa mfano, imekuja nayo kuanzia toleo la 2020. Lakini Suzuki V-Strom 650 kama yetu ni ya waya, haina. Kampuni ya Australia iitwayo MCCruise hutengeneza mfumo wa namna hiyo wa kufunga kwenye pikipiki za waya, ila bei yake ni ya mamia mengi ya dola na ufungaji wake unataka fundi anayejua umeme, siyo anayejaribu. Tulipiga hesabu, tukaona bora fedha hizo zilipe kiwanja.

Mtihani wa dakika kumi

Tulichagua kibanio cha vitufe. Sababu ni yangu, siyo yake: dole gumba linaachia bila mkono kuhama, na vidole vingine vinabaki karibu na breki. Ile nati ya kwenye ncha ni nzuri pia na wengi wanaisifu, lakini pikipiki yetu ina vikinga mkono, na ncha za usukani zimeshajaa. Ndiyo maana nakuambia, kabla ya kuagiza pima. Kuna nafasi kati ya mshikio na swichi? Ncha ya usukani ina tundu au imezibwa? Mishikio ni ya kawaida au ile ya kupasha joto? Kifaa kizuri kisichokaa ni hasara tupu.

Kikishafungwa, usitoke barabarani. Pandisha pikipiki kwenye stendi ya kati, injini imezimwa. Fungua resi, bana, halafu bonyeza kuachia. Mshikio lazima urudi kwa kishindo, tak! Ukirudi kwa kujivuta kama mtu aliyeamshwa usingizini, kuna kitu kinasugua. Legeza, sogeza milimita moja, rudia. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, jaribu. Geuza kulia mpaka mwisho, jaribu. Kisha bana tena na usokote kwenda mbele bila kugusa kitufe: lazima ukubali kwa nguvu ya kawaida, na mwenzi wako mwenye mkono mdogo ajaribu pia. Kama yeye anaweza kuufunga, dereva aliyechoka na mwenye ganzi naye ataweza. Ukikazwa mpaka mtu akunje uso, umekazwa mno.

Baada ya hapo ndipo mazoezi. Sisi tulikwenda Mtumba, kwenye mji wa Serikali, Jumapili asubuhi wakati barabara zile pana hazina mtu. Bana, achia, breki. Bana, achia, breki. Mara thelathini, mpaka dole likawa linaondoka lenyewe kabla ya vidole kugusa breki. Mimi nilikaa kwenye ukingo nikihesabu, jua linachoma, na siyo siri, nilijisikia kama mwalimu wa gwaride.

Wapi ubane, wapi usithubutu

Chukua njia ya Singida, kama kilomita 240 kutoka Dodoma mjini. Ukishatoka kabisa mjini, kuelekea Bahi nchi inalala, mashamba ya mpunga, unaona mbali mno. Hapo bana, kwa dakika tano au kumi, nyoosha vidole. Kila kibao cha 50 cha kuingia kijijini, achia kabla hujakifikia. Matuta yapo, watoto wapo, na askari wa tochi hatakuelewa ukimweleza kwamba mwendo ulikuwa umebanwa. Ukishapita Kintinku unaanza kupanda ule mlima wa kuelekea Manyoni. Achia na usibane tena mpaka juu, kwanza kwa sababu ya malori yanayotambaa, pili kwa sababu kibanio mlimani hakikusaidii kitu. Wakati wa kurudi, mlima huohuo ukiwa mteremko, kibanio kitakusukuma kwenye kona ukiwa na mwendo ambao hukuuomba.

Njia ya Iringa ni hivyohivyo: tambarare mpaka Mtera inaruhusu, milima ya Nyang'oro hairuhusu hata kidogo. Na wakati wa kiangazi, Juni mpaka Septemba, upepo wa mashariki unavuma hasa. Ukienda Singida unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga kifuani, na ukilipita lori unakatika ghafla kisha unarudi kama kofi. Karibu na lori usibane. Kwenye mvua usibane. Jioni ukielekea magharibi na jua liko machoni, usibane. Ng'ombe wakiwa kando ya barabara, hata kama wametulia, usibane. Ng'ombe wa Kigogo hana haraka, lakini akiamua kuvuka haulizi.

Mkono uliopumzika siyo mkono wa simu. Ubaki juu ya mshikio, umelegea tu. Nyie mnaopenda kujirekodi mkiwa safarini, kamera akamate wa nyuma, na awe amejishika vizuri. Wala kibanio hakiondoi uchovu; kinaondoa ganzi tu, na dereva asiye na ganzi anaweza kujidanganya kwamba hajachoka. Sisi tunasimama kila saa moja na nusu, ganzi iwepo isiwepo, tunywe maji na nipate kunyoosha magoti yangu, ambayo hakuna aliyeyabunia kifaa.

Tuna alama moja. Nikimpiga paja la kulia mara mbili, anaachia, bila kuuliza kwa nini. Mwanzoni alinuna kidogo. "Sasa nani dereva?" Nikamwambia dereva ni yeye, ila mimi ndiye ninayetazama kulia na kushoto wakati yeye anatazama mbele. Mwezi uliopita, karibu na Kigwe, nilimpiga mara mbili. Dole likaenda, mshikio ukarudi, tukashuka mpaka kilomita 50. Hakukuwa na mbuzi. Kulikuwa na mama anauza zabibu chini ya mbuyu, na mimi nilikuwa nazitaka.